Chaja Niliyompelekea Mama

Mama yangu aliishi peke yake nje ya Gachoka, na kila Jumanne alitembea saa nzima kwenda kuchajisha simu kwa kinyozi. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Mimi, mwalimu wa kemia huko Runyenjes, niliona aibu. Mtu mzima nina mshahara, na mama anapigwa na jua kwa ajili ya simu.

Sola ndogo ingetosha. Jua la Mbeere halijawahi kumnyima mtu. Lakini ujuaji ni ugonjwa, na mimi niliugua zamani. Rafiki aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alikuwa na chaja inayotumia haidrojeni, pamoja na mikebe sita ya gesi hiyo, kila mmoja mdogo kama betri ya tochi. Nikampelekea mama, nikamfundisha kama ninavyofundisha kidato cha tatu: haidrojeni inatoka mkebeni, inakutana na hewa, umeme unapatikana, hakuna moto wala moshi.

"Kwa hivyo inapumua," akasema kwa Kimbeere, akaitegea sikio. "Na hii ikiisha, itakula nini?"

Swali hilo ndilo lililokuwa somo lote, na mimi mwenye digrii sikulisikia. Mikebe haikuuzwa Embu wala Meru, na kuiagiza kwa ndege ni taabu kwa sababu ni gesi. Mkebe mmoja ulijaza simu mara moja, basi. Nikamjibu, "Hii haipatikani hapa, mama. Uitumie vizuri. Na usiende tena kwa kinyozi."

Mama alinitii. Ila kwake, kutumia kitu vizuri ni kukiweka. Vikombe vya wageni havikuwahi kugusa midomo yetu, na blanketi niliyomnunulia ilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Basi akazima simu, akawa anaiwasha Jumapili tu, akitoka kanisa dogo lililokuwa karibu na boma lake. Tunasalimiana haraka haraka, anazima. Nikazoea. Tena nilijisifu kwa walimu wenzangu kwamba mama yangu anatumia teknolojia ambayo wao wameisoma vitabuni tu.

Jumatatu moja aliteleza nyuma ya zizi, akavunjika nyonga. Alilala pale hadi Alhamisi, jirani alipofuata kelele za mbuzi waliofungiwa. Alifia hospitalini kabla sijafika. Daktari aliniambia mfupa haukumuua, kilichomuua ni kiu. Nyumbani niliikuta simu kabatini, imezimwa, na kando yake mikebe minne haijafunguliwa. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, na mvi zangu hizi.

Baada ya mazishi nilipita kwa kinyozi kumshukuru kwa viti alivyotuazima. Aliweka mashine ya kunyolea chini, akanishika mkono.

"Pole sana, mwalimu. Unajua mum akikosa Jumanne moja tu, mimi nilikuwa natuma mtu wa boda aende amcheki. Sasa vile aliacha kukuja kabisa, sisi tulijua umemchukua, mnakaa na yeye huko Runyenjes. Tulifurahi sana."