Samaki wa Maji ya Chai

Liévin Kapya, seremala wa mtaa wa Katuba, hakuwa mtu wa kuchekacheka. Hata kanisani alikagua miguu ya mabenchi misa nzima. Lakini mwaka 1954 mzungu mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya alimwachia sanduku la kioo lenye samaki sita, wadogo kama misumari, kila mmoja na mstari wa buluu uliowaka ubavuni na mkia mwekundu. Tangu siku hiyo Kapya alikuwa akitoka kazini mbio.

"Samaki ya kuangalia!" mkewe Jeanne, mzaliwa wa Pweto kando ya ziwa, alishika kiuno. "Kwetu samaki inanuka, inakaushwa, inakuliwa pamoja na bukari ya mahindi. Hii yako hata paka itaikatala."

"Fungula macho, mama. Hii haiko samaki, hii iko fête, sikukuu ya kweli!"

Mzungu alikuwa amemwonya. Samaki hawa walitoka kwenye mto wa msituni huko Amerika, ambako majani yaliyooza huyatia maji rangi ya chai. Maji ya bomba ya mji huu, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yangewaua. Kwa hiyo Kapya alikinga mvua kwenye pipa lenye mfuniko, akaloweka majani makavu ya mpera, akaonja, akatikisa kichwa, akaongeza majani. Jirani yake Mwajuma alichungulia juu ya ua.

"Baba Kapya, supu haiyaiva?"

"Bado chumvi, mama!"

Akacheka peke yake mpaka mtaa ukaanza kumwonea wasiwasi.

Shida ilikuwa moja tu: katika cité, yaani mitaa ya Waafrika, ilikatazwa kuweka maji yaliyotuama, kwa sababu mbu huzaliana humo. Kila Alhamisi alipita Amisi, mlinzi wa usafi, na kopo la mafuta. Akiona maji yamelala, anayamiminia mafuta, na jina la mwenye nyumba linaandikwa kwa faini.

Alhamisi moja akaliona sanduku.

"Kapya, ndugu yangu. Mayi inalala, tena nyeusi."

"Kuko samaki ndani, chef! Mafuta itabaua. Hii samaki banakula watoto ya mbu."

"Hii misumari?" Amisi aliinua kopo. "Onyesha basi. Leta mududu, nione."

Kapya alitazama huku na huku. Pipa lake lilikuwa safi, halina hata kiluwiluwi kimoja. Majirani walikuwa wamejaa uani, na kila mmoja alijua wadudu wako wapi: nyuma ya jiko lake mwenyewe. Lakini nani angewaleta mbele ya Amisi? Wote wakainamisha macho, kama darasa lililoulizwa swali gumu. Kopo likaanza kuinama.

"Ngoja!"

Alikuwa Mwajuma, yule wa supu. Alikuja amekumbatia chungu chake cha maji ya mvua ya kuoshea nywele, kitambaa kimeanguka mabegani, na ndani ya chungu viluwiluwi vilikuwa vikicheza kama harusi.

"Amisi, mutoto wa kwetu Maniema, andika jina yangu. Lakini kwanza nimwage hapa."

Akachota kata moja, akamwaga sandukuni. Samaki wakasimama. Kisha mistari sita ya buluu ikaruka kama cheche. Hapa, pale, chini, juu! Jeanne alipiga kigelegele kabla hajajua kwamba anapiga. Kapya alivua viatu, akamshika mkewe mkono, akamzungusha uani kama siku ya ndoa yao, mtu mzima wa miaka hamsini, viatu mkononi.

"Kamoja hakayakula!" mkewe alipaza sauti. "Kale kadogo, nyuma ya jani!"

Amisi alikuwa ameshachuchumaa, pua kwenye kioo, kopo limewekwa chini. Halafu akageuka, sauti ya chini, kama mtu anayeomba ugoro.

"Mama Mwajuma… iko mududu ingine?"