Spika za Sebule ya Mama

Hapa Omurushaka wananijua kwa sabufa. Mtu akiingia dukani kwangu na boksi, swali lake huwa moja tu: bati litatetemeka? Namjibu litatetemeka, namfungia kazi yake, anaondoka na furaha. Mimi mwenyewe sizipendi hata kidogo. Besi ya namna hiyo hufunika maneno, na wimbo usiosikika maneno kwangu ni chai isiyo na majani. Lakini mteja ni mfalme, na mfalme anataka bati litetemeke.

Spika ninazozikumbuka hapa sikumtengenezea mteja. Nilimtengenezea mama, kwa sababu ya kanda moja.

Baba alikuwa akipiga enanga, ule ubao unaochimbwa kama hori dogo na kupitishiwa nyuzi juu yake. Hakuwa mpigaji wa kuitwa harusini. Alipiga kwake, Nyabiyonza, akishatoka migombani na kunawa miguu. Siku moja baba mdogo alimrekodi kwa redio kaseti katika nyumba yetu ya zamani. Kwenye kanda hiyo baba anakohoa mara mbili, anamwambia mama kwa Kinyambo afunge mlango, kuku wanaingia, kisha anaanza kuimba. Sauti yake yote iliyobaki duniani ni hiyo.

Alipofariki niliihamishia kanda kwenye flashi, nikampelekea mama pamoja na redio ndogo ya Kichina. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Huyu si baba yenu," akasema.

Iliniuma, ingawa sikuonyesha. Nikajiambia kosa ni la redio, na fundi wa redio ni mimi.

Kuchagua spika huku kwetu ni kuchagua kati ya maiti. Zinatoka kwenye runinga za chogo, kwenye milango ya magari yaliyopinduka, kwenye redio za mbao za wastaafu. Nikiokota moja, naweka vidole kuzunguka koni na kuisukuma polepole. Koili ikikwaruza sumaku, hiyo naitupa bila kusikitika. Ikipita hapo naigonga kwa kucha, sikio likiwa karibu. Koni ya karatasi nyepesi hujibu haraka na kunyamaza haraka. Ya plastiki hujibu, halafu inaendelea kusimulia mambo ambayo hukuiuliza.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya inchi nane, pamoja na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, juu yake, kwenye boksi lenye tundu mbele la kusaidia besi. Chumba changu cha kazi nagawana na mnunuzi wa kahawa, na magunia yake yamepangwa kuta tatu mpaka karibu na dari. Niliketi juu ya gunia, nikawasha. Baba akakohoa, na nywele zikanisimama. Nikazifunga spika kwenye blanketi nikazipeleka Nyabiyonza.

Nyumba ya mama ni mpya, tulimjengea sisi watoto. Sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, juu ni bati bila dari, na sebuleni kuna viti vinne vya plastiki na meza. Mama alisikiliza akiwa amesimama.

"Huyu anaongea akiwa ndani ya debe."

Nikailaumu twita. Niliporudi Omurushaka nikabadili muundo wote. Safari hii niliweka spika moja tu kila upande, ya inchi sita kutoka gari dogo, ili sauti ya mtu isigawanywe mara mbili. Boksi nikaliziba kabisa na kulijaza pamba ya mto ndani. Mnunuzi wa kahawa aliacha mzani wake akaja kusikiliza. "Mzee yupo humu ndani," akasema, na si mtu wa kusifu ovyo. Nikapanda pikipiki na maboksi yangu nikiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kuchukua tuzo.

"Mwanangu, sasa wako wawili," mama akaniambia. "Mmoja anaongea, mwenzake anamfuatiza."

Aliniambia kila kitu siku hiyo, na mimi nisisikie. Nililaumu mashimo ya barabarani kwamba yamelegeza koili. Nililaumu umeme. Mwisho, naona aibu kuandika, nililaumu masikio yake. Dada yangu, anayeishi naye, alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, akacheka peke yake.

Mama hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwenye mibuni, na hapo akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema mbele ya dada.

"Usiniletee tena kama si yeye. Nilikuwa naye kichwani. Kila ukiniletea huyu mwingine, yule wangu anasogea mbali. Sasa nikimtafuta asubuhi, anakuja huyu wa kwenye debe."

Nilisema sawa, mama. Niliendesha pikipiki mpaka Omurushaka bila kufikiri chochote cha maana, na niliogopa. Nilikuwa namfuta baba kwa mikono yangu.

Kwa muda mrefu sikugusa kazi hiyo. Kisha nikasikia kuna mwalimu mstaafu Bugomora mwenye redio mbili za mbao, yake na ya marehemu kaka yake, zote bubu. Nilikwenda. Mzee alinitazama nikigonga koni zake za mviringo wa yai, za karatasi nyembamba iliyogeuka rangi ya chai, akaniuliza kama natafuta spika au natibu mgonjwa. Alinipa zote mbili bure, pamoja na mkungu wa ndizi. Nikazitengenezea vibao vya mti wa grivelia, wazi nyuma, kama zilivyokuwa ndani ya redio. Hizo ndizo bora nilizowahi kuunda. Lakini ziliishi juu ya magunia ya kahawa, kwa sababu sikuthubutu kuzipeleka.

Zilikwenda Nyabiyonza kwa sababu nyingine. Binti wa dada alikuwa anatolewa posa, na dada aliniagiza nilete muziki wa kanisani kwa ajili ya wageni, "lakini usituletee yale matetemeko yako." Nilizibeba hizo, maana ndizo pekee zisizotetemesha.

Asubuhi nilipofika niliwakuta wanabishana. Mama alitaka nyasi zitandikwe sebuleni, kama mgeni alivyopokelewa zamani. Dada alisema kasugua saruji siku mbili, nyasi za nini. Mama aliendelea kutandika, tita juu ya tita, kutoka ukutani hadi ukutani, mpaka mguu ukawa unazama. Mimi nikaweka spika na amplifaya mezani, nikachomeka flashi na kuwasha, nikitafuta nyimbo za kwaya. Faili la kwanza lilikuwa la baba, na lilianza lenyewe kabla sijabonyeza chochote.

Akakohoa mara mbili. Akasema afungiwe mlango, kuku wanaingia.

Mama aliyekuwa amepiga magoti kwenye nyasi akainuka, akaenda, akausukuma mlango ukajifunga.

Alibaki pale, kiganja juu ya ubao, ametugeuzia mgongo. Enanga ikaanza. Mimi nilitazama spika, nikatazama sakafu ambayo haikuonekana tena, nikakumbuka magunia ya kahawa kule kazini. Nyumba ya zamani ilikuwa ya udongo, na chini nyasi. Sauti ilikuwa ikifika na kutulia. Hii ya saruji na bati ilikuwa ikimrusha baba huku na huku mpaka anakuwa watu wawili, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nabadilisha spika. Nilijiona mpumbavu kuliko nilivyowahi kujiona. Hata zile za inchi nane, huenda zilikuwa yeye.

"Zima," mama akasema bila kugeuka. "Wageni wanakuja."

Nikazima. Hakusema kama ni yeye au si yeye, na siku nzima alihudumia wageni kama kawaida yake. Spika na amplifaya nikaviacha pale mezani, flashi ikiwa mle mle, dada akavifunika kitambaa.

Nilirudi baada ya mwezi hivi, saa sita mchana. Dada alikuwa shambani. Kuku walikuwa uani, na mlango ulikuwa umefungwa, jambo ambalo mama halifanyi mchana. Nikabisha, nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba kutoka ndani, akachelewa kidogo kufungua. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Nyasi zilikuwa zimetandikwa sebule nzima, mbichi, za siku hiyo hiyo. Nilipita mezani nikaweka mkono juu ya amplifaya, ilikuwa bado na joto.

"Kulikuwa na wageni?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Keti. Na urudishie mlango, kuku wanaingia."