Magoti Yaliyogongwa

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa na desturi ya kutugonga magoti kwa nyundo ya mbao, kwa adabu, kama anayebisha hodi. Kwenye shamba la shule malengelenge yalimpasukia viganjani naye akaendelea kulima. Tulidhani ndiyo Ujamaa.

Siku ya somo la mishipa ya fahamu aliwasha jiko la mafuta ya taa, akalisogezea mguu wa chura aliyekwisha kukatwa kichwa. Mguu ukajivuta. "Mwili unajilinda hata mwenyewe akiwa hayupo," akasema. Darasa likanuka nyama inayoungua. "Samahani, Mwalimu," Veneranda wa dawati la mbele akanong'ona, "mkono wako." Ulikuwa umelala juu ya jiko. Akautazama kama wa mtu mwingine, akautia mfukoni. Tulijua ganzi ya namna ile ni ya ukoma, na wenye ukoma walipelekwa kambini, wasirudi. "Nani mwingine ameona?" akauliza. "Hakuna, Mwalimu!" tulijibu wote papo hapo, kama magoti yaliyogongwa.