Kwapa la Kulia Tu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Magomeni, blauzi yangu ilikuwa ikilowa makwapani kabla ya kipindi cha pili. Nilinunua rolon katika duka moja la mtaa wa Chuno. Ilinukia vizuri, lakini jasho likabaki vilevile, nikaamini nimeuziwa feki. Nikairudisha.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliisoma lebo taratibu. "Mwalimu, hii ni ya kuzuia harufu tu. Ya kupunguza jasho ni hii nyingine. Unaipaka ukienda kulala, kwapa likiwa kavu."

Nani hupaka rolon akienda kulala? Nilihisi anataka kuniuzia mara mbili. Niliichukua, lakini nikawa naipaka kwapa la kulia tu, ili nije kumuumbua kwa ushahidi.

Siku ya nne, mwalimu mwenzangu aliniita pembeni. "Dada, mbona umelowa upande mmoja?"

Nilikwenda msalani kujitazama. Kushoto palikuwa chapachapa, kulia pakavu kabisa.

Nilirudi dukani kumwambia. Alicheka kidogo, akaniasa nisipake nikiwa nimetoka kunyoa, itaniwasha. Hilo nalo nilikwenda kwanza kumuuliza nesi. Akasema ni kweli.