Mama Tochi na Nguzo Zake Thelathini na Moja

Saa kumi na nusu alfajiri, giza totoro, na mwanamke mmoja ameuma tochi kwa meno. Mikono yote miwili imeshika ufagio wa mpini mrefu. Anafagia huku mate yakimchuruzika kidevuni, na ukimsalimia anakujibu, "Mm."

Ndiyo maana nusu ya mtaa walimdhania bubu kwa miaka tisa. Nusu nyingine wanamwita Mama Tochi.

"Sasa nifanyeje?" anauliza, akiitoa tochi na kuifuta kwenye mkono wa ovaroli. "Nikiishika, sifagii. Nikiiacha, sioni. Basi naing'ata."

Mama Tochi ana miaka hamsini na mbili, na ni mfagiaji wa barabara wa halmashauri. Kipande chake kinapimwa kwa nguzo za taa. Ya kwanza iko mbele ya duka la dawa, ya thelathini na moja iko penye daraja dogo. Mpaka mwaka jana iliyokuwa ikiwaka ni hiyo ya kwanza tu, kwa sababu mwenye duka alichoka kungoja akafunga balbu yake mwenyewe.

Zamani hakufagia peke yake. Alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe. Mmoja alianzia nguzo ya kwanza, mwingine ya mwisho, wakakutana katikati wakanywa chai. Miaka miwili iliyopita, pikipiki isiyo na taa ilimgonga wifi penye nguzo ya kumi na tisa. Mguu ukavunjika mahali pawili.

Mguu ulipona. Lakini kurudi pale gizani wifi hakuweza, kila akifika nguzo ya ishirini anageuka na kurudi nyumbani. Halmashauri ikamwandikia: asiporudi kazini kufikia mwisho wa mwaka, nafasi yake anapewa mtu mwingine.

"Nikamwambia, wifi, wewe tulia, nakuletea taa," anasimulia Mama Tochi. "Akanicheka! Akasema, wewe wa kuleta taa? Wewe ambaye hata betri za tochi unaazima kwangu?"

Jirani yake, fundi umeme, ndiye aliyempa akili. Alimwambia taa za zamani zilizimwa kwa kuwa zilikula umeme mno. Usiombe hizo, akasema, omba za LED, zinatumia umeme kidogo, hapo hawatakuwa na kisingizio. Mama Tochi akaandika barua kwa mkono wake, kurasa mbili, akaipeleka mwenyewe akiwa na ovaroli lake.

Jibu lilichukua wiki saba. Barabara yenu, ilisema barua, ina taa thelathini na moja. Mkaguzi alikuja saa tisa alasiri, akahesabu nguzo, akaondoka zake.

"Saa tisa alasiri, jamani!" Mama Tochi anapiga makofi mara moja na kubaki ameshika kiuno. "Saa tisa hata mimi sioni shida. Nilikasirika siku ile, nikafagia nguzo kumi bila kupumua."

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhandisi wa taa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila akimaliza zamu. Siku ya nne mhandisi, kijana mpole, akakubali kuja alfajiri.

Siku hiyo Mama Tochi alianza kufagia usiku wa manane, na akafanya jambo ambalo wafagiaji hawafanyi. Kawaida magunia yote ya taka hukusanywa mahali pamoja kungoja lori. Yeye aliyaacha kila moja chini ya nguzo lilipojazwa, na hakueleza kitu.

Mhandisi akatembea na mwanga wa simu yake. Nguzo ya kwanza, nusu gunia. Ya pili, magunia mawili. Ya kumi na mbili, manne na godoro bovu juu yake. Mpaka darajani alikuwa amehesabu magunia sabini na manne.

"Mama, mbona pale kwenye duka la dawa ni nusu gunia tu?"

"Mwanangu, mtu hamwagi uchafu wake kwenye mwanga. Anaona haya."

Kijana akatoa daftari. "Nimesoma miaka mingi, sijawahi kupewa ripoti ya magunia," anasema leo akicheka. "Na hakuna ripoti niliyoielewa haraka kama ile."

Fedha zilitosha taa sita. Mhandisi akamuuliza Mama Tochi zianzie wapi, na majirani wakaanza kumpongeza kabla hajajibu, maana nyumba yake iko penye nguzo ya nne. Yeye akasema: kumi na saba mpaka ishirini na mbili.

"Walininunia wiki nzima," anasema. "Hata fundi umeme hakunisalimia. Lakini mimi nafika popote na tochi yangu. Wifi yangu hafiki kumi na tisa na tochi."

Taa ziliwashwa zikiwa zimebaki wiki tatu mwaka uishe. Kesho yake wifi alirudi kazini.

Leo Mama Tochi anafika nguzo ya kumi na saba, anaitoa tochi mdomoni na kuizima. Wifi anamngoja, amevaa kizibao cha kung'aa, anachechemea kidogo.

"Umechelewa!"

"Nimetoka gizani mimi, siyo kama wewe mwenye umeme!"

Muuza mikate anapita na baiskeli. "Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, baba. Za nyumbani?"

Baiskeli inayumba. "Kumbe unaongea?"

"Anaongea?" wifi anadakia. "Ungekaa naye nyumba moja, ungeomba giza lirudi."

Wanacheka wote wawili wakiegemea fagio zao. Mama Tochi anaposogea mbele, wifi anashusha sauti. "Sijamwambia asante mpaka leo," anasema. "Nikianza nitalia, na yule ataniimba mtaa mzima."

Kwa sasa wifi anafagia nguzo hizo sita tu. Zilizobaki, ishirini na tano, ni za Mama Tochi. Mfukoni mwa ovaroli ana barua nyingine, ya taa za nguzo ishirini na nne ambazo bado ziko gizani, na Ijumaa anaipeleka. Ameandika chini yake kwa herufi kubwa: MJE ALFAJIRI.

Mwanga wa nguzo ya ishirini na mbili unaishia hapo. Mbele ni giza mpaka darajani. Mama Tochi anaifuta tochi, anaiwasha, anaing'ata.

Anaulizwa kama kweli anaamini halmashauri itakubali zote.

"Mm," anajibu, na mwanga wa tochi unapanda na kushuka barabarani.