Faulo ya Tano

Fundi cherehani mmoja alikuwa akikaa meza ya waamuzi kila Jumamosi, akiandika pointi na faulo za mpira wa kikapu. Shemeji yake alikuwa kocha, na kwa miaka sita alikuwa akimuuliza fundi swali lilelile: kwa nini faulo nyingine zinaleta mitupo huru na nyingine hapana.

Siku hiyo timu ya shemeji ilikuwa mbele kwa pointi moja, zikibaki sekunde tisa. Fundi alikuwa ameshasimamisha kibao chekundu upande wao: faulo nne tayari katika robo hiyo. Shemeji hata hakukitazama.

"Mshikeni asipite!" akapiga kelele.

Wakamshika mpinzani aliyekuwa na mpira. Refa akatoa mitupo huru miwili, yote ikaingia, wakafungwa.

Shemeji akaja mezani macho yamemtoka. "Shemeji, mmetuonea! Yule hata hakuwa anarusha kikapuni!"

Fundi akashusha pumzi. "Faulo nne za kwanza za robo, kama mtu harushi, wanapewa mpira pembeni. Kuanzia ya tano ni mitupo miwili, hata kama alikuwa anadunda tu. Nikuimbie?"

"Lakini hakuwa anarusha."

Fundi akamsukumia kalamu. "Jumamosi ijayo utakaa hapa wewe. Mimi nimechoka."

Kweli shemeji alikaa. Alihesabu faulo moja moja, akasimamisha kibao kwa mkono wake, na akaelewa. Fundi alilala mchana kutwa kwa raha, mpaka simu ilipolia.

"Shemeji, hivi mchezaji mwenye faulo tano zake mwenyewe, kwa nini anatolewa?"

Fundi akaizima simu.