Mabenchi ya Duara

Kisomo chetu cha watu wazima kilikutana alasiri, katika kanisa la udongo si mbali na Base Camp, kitovu cha kambi yetu ya wakimbizi, watu wakishatoka mashambani. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa hilo. Nilikuwa nimewafundisha herufi kwa miaka kadhaa, vile tu nilivyofundishwa mimi na wamisionari kule Kivu, na nilipoambiwa kwamba mwalimu aliyesomea kazi hiyo anakuja kutoka Mbarara, nilipiga magoti nikashukuru.

Kati ya wanafunzi alikuwako mama mmoja mjane, mkubwa kidogo kuliko mimi. Macho yake yalikuwa yanakufa. Kliniki walimwambia kwamba nuru iliyokwisha kwenda hairudi, na iliyobaki itaifuata. Hakulia. Alikuja kwangu akasema, "Papa, mimi ninataka kusoma Neno la Mungu na macho yangu, hata mustari moja. Kisha yafunge." Kwa hiyo alikaa benchi la mbele kabisa, pua karibu na ubao, na alikuwa amekwisha kufika kwenye silabi.

Mkwe wake naye, mume wa binti yake, alisoma nasi. Kwetu mwanamume hamtazami usoni mama aliyemzaa mke wake. Hali chakula mbele yake, hampiti karibu, na hawezi kumwambia kwamba amekosea. Hakuna aliyewapangia namna ya kukaa. Mama aliingia kwanza. Mkwe alisubiri nje, akaingia tukiwa tumefumba macho kwa sala, akakaa nyuma karibu na mlango, na akatoka kabla ya wengine. Mabenchi yote yalitazama mbele, basi mama aliona ubao na mkwe aliona mgongo wa mama, na amani ikawepo.

Mwalimu mpya alikuwa kijana mwema. Nasema hivyo mbele za Mungu. Hakupaza sauti. Aliwaita watu mama na mzee, akawaomba watunge wenyewe sheria za darasa, na mtu aliyechelewa kwa sababu ya mgao wa chakula hakuulizwa neno. Siku ya pili akasema mtu mzima hapaswi kutazama kisogo cha mwenzake kama mtoto wa shule. Tupange mabenchi duara, kila mmoja aone uso wa kila mmoja.

Watu wakayasogeza wakicheka.

"Tunakaa kama batu ba matanga," alisema mzee mmoja.

"Sasa maiti iko wapi?" akauliza jirani yake.

"Ni weye, uliyesahau herufi za jana!"

Mimi sikucheka. Nilimvuta mwalimu kando nikamweleza habari ya mama na mkwe wake. Alinisikiliza vizuri, kisha akanishika bega. "Mzee, hiyo mambo ya nyumbani ibaki nyumbani. Hapa hakuna mkwe, hapa wote ni wanafunzi. Halafu mkubwa wangu wa Mbarara atakuja kukagua, na yeye anataka duara."

Mkwe alipoingia, nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ikimtazama mama. Alikaa upande, akaelekeza uso ukutani. Sikuwa nimemwonyesha mwalimu mkwe ni yupi, naye alidhani ni haya tu.

Mama akasoma neno ubaoni, akakosea mwisho wake. Mwalimu hakumsahihisha. Alikuwa amefundishwa kwamba wanafunzi wakubwa wasahihishane wao kwa wao. Akamwelekea mkwe: "Wewe bwana, saidia mama."

Mkwe akasimama, macho chini.

"Usiogope. Tutakungoja," alisema mwalimu kwa upole. Na kweli alingoja. Alikuwa amefundishwa pia kutoharakisha mtu mzima, kumwachia kimya afikirie. Nikaona jasho likimtoka yule mwanamume shingoni. Angetukanwa angepata la kujibu, lakini ule upole ulimfunga pale katikati ya watu, na mama amefungwa pamoja naye. Hatimaye mama alijifunika kitenge usoni, akapapasa benchi, akatoka. Mkwe akatoka kwa dirisha, asipite mlango mmoja naye.

Nilimfuata mama nyumbani kwake jioni ile ile.

"Sina hasira na mwalimu," alisema. "Ni mutoto wa batu. Lakini nitarudi na uso gani?"

"Basi nitakuja kukufundisha hapa."

"Papa, weye mwanaume, mimi mujane. Batasema nini?"

Nilijua watakachosema. Nikaaga.

Wanawake walikuwa wakimfuata mama huyo katika kila jambo, kulima na kuimba, na mmoja mmoja wakaacha kisomo. Nilipanda gari la mizigo hadi Mbarara kumwona mkubwa wa mwalimu. Alinipa kiti na chai. Alikubali kwamba jambo ni zito, akasema hawezi kubadili utaratibu wa vikundi vyote kwa ajili ya kikundi kimoja, ila atalipeleka mbele. Nikarudi. Mahindi yalipandwa, yakapaliwa, yakavunwa. Kila Jumapili nilimwona mama akiongozwa kanisani, mwanzo kwa kufuata mtu, baadaye kwa kushikwa mkono, na nilimwomba Mungu amwachie kidogo tu.

Ruhusa ya kuacha duara na kuhamisha watu vikundi ilikuja baada ya mavuno. Mwalimu mwenyewe alikuja kuniambia, uso ukimng'aa. Tukarudisha mabenchi kama zamani. Mkwe akakubali kwenda kusoma na kikundi kingine, nami nikaenda kumleta mama.

Alivaa kitenge chake cha Jumapili. Nilimkalisha mbele, pahali pake. Mwalimu alikuwa amekwisha kuandika mstari mmoja wa Neno la Mungu, kama alivyotaka mama tangu mwanzo, kwa herufi kubwa kama viganja, ubao mzima.

Mama alinyoosha shingo, akangoja. Nasi tukangoja.

"Mwalimu," akasema, "anza kuandika, mimi niko tayari."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kucheka, akidhani ni mzaha, akaishia njiani. Mwalimu alinitazama. Kisha akachukua kitambaa, akafuta yote, akaanza upya, akikandamiza chaki ili isikike. Mama aligeuza sikio akaifuata mpaka iliponyamaza.

"Ni maneno mingi?" akauliza.

"Ni saba, mama."

"Mungu asifiwe," alisema, akaomba arudishwe nyumbani.

Nilimshika mkono. Nimezika watu wengi njia ya kuja huku, na sikuwahi kukosa neno la kumwambia Bwana. Siku ile nililitafuta njia nzima hadi mlangoni pake, sikulipata.